Mtani Wangu wa Mikumi Atakupokea

Mwanaidi, mama yangu,

Salamu sikupi, kwa kuwa uko chumba cha pili na nakusikia unapanga nguo kwenye sanduku la bati, unapanga na kupangua. Nianze na jambo unalolijua: Kilosa nzima hajazaliwa mtu mwenye bahati ya watu kama mimi baba yako. Wapo wenye bahati ya ng'ombe, wapo wenye bahati ya mashamba. Mimi Mwenyezi Mungu alinipa watu. Nishushe Kimamba, nishushe Ulaya hii yetu ya wilayani siku ya gulio, nishushe Munisagara pale treni inaposimama kama imesahau kitu, kabla sijajifuta vumbi usoni nitasikia mtu ananitukana kwa furaha: "Mnyamwezi, leo umekuja kuiba nini?" Tajiri hupokewa kwa heshima, akakaa na njaa yake akiogopa kuomba. Mimi napokewa kwa matusi, halafu nalishwa. Na huko Mikumi unakokwenda kesho ndiyo usiseme. Yupo Mzee Athumani, mtani wangu, Msagara aliyefinyangwa kwa udongo wa hapahapa. Nimekuambia tangu ilipokuja habari ya kazi yako: atakuwa stesheni kabla treni haijapiga honi. Utalala kwake mpaka ofisi ikupatie nyumba.

Maagizo mengine mama yako ameyamaliza. Nimemsikia: chemsha maji, funga chandarua mapema, shuka usimwazime mtu. Nilitaka kuongeza moja akanifukuza jikoni, akasema anakaanga kuku wa safari na maneno yangu yataunguza mafuta. Basi nimekaa hapa na koroboi na darasa langu la nne, naandika. Ukiona mistari inapanda mlima usicheke. Kisomo cha watu wazima kilipofika hapa mjini kilinikuta nimeshazoea kuandika vibaya, na walimu wakaniambia niwaachie nafasi wasiojua kabisa.

Ninawaza hiyo kazi yako. Bibi Maendeleo. Wewe uliyekuwa ukilia ukiona jogoo, leo unakwenda kuwaambia watu wa vijiji vipya kwamba watoto wapimwe uzito, kwamba kina mama waje kujifunza kusoma, kwamba bomba linakuja na watu wachague kamati. Wewe utakaa upande wa meza wenye kiti. Mimi maisha yangu yote nimekuwa upande wa pili, ule wa kusimama, na ninajua jinsi mambo ya serikali yanavyoonekana kutoka huku. Acha nikuhadithie.

Mwaka ule baada ya Uhuru mji huu ulikuwa kama bwana harusi aliyenunuliwa viatu: ulitaka kutembea hata pasipo na safari. Halmashauri ilijenga Jumba la Maendeleo, ndani ikaweka redio kubwa kama kabati. Jioni tulikwenda kuisikiliza tumevaa kanzu zilizopigwa pasi, kana kwamba redio nayo inatutazama. Kina mama walifundishwa kushona. Mama yako alirudi na fulana ya mtoto yenye tundu moja tu la mkono, akakuvalisha hivyohivyo, na aliyecheka akanyimwa chai. Siku ya sindano za ndui nilitangaza mtaa mzima kwamba mimi mwanamume nitakuwa wa kwanza. Nikawa wa kwanza kweli, wa kwanza kuanguka, na muuguzi alikuwa bado anatafuta pamba. Aliyenibeba mpaka kivulini ni Athumani. Alinimwagia maji, nilipofungua macho akawaambia watu, "Mzikeni tu, huyu akiwa hai au amekufa kazi yake ni ileile."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Yeye Msagara, mimi mtoto wa Mnyamwezi aliyeletwa na mkonge. Tulizaliwa mwaka mmoja, mwaka wa nzige, na watu walisema ndiyo maana hatushibi. Utani wa Wanyamwezi na Wasagara tuliukuta kwa wazee, lakini wa kwetu ulizidi. Alikuwa akija asubuhi, hajagonga mlango, anachukua bakuli lako la uji: "Nani amempa mtoto wa Mnyamwezi uji wa Wasagara?" Wewe unajificha nyuma ya kanga ya mama yako, unacheka mpaka unapaliwa. Ulimwita Babu Mtani. Sijui kama unaukumbuka uso wake. Sauti yake lazima unaikumbuka, ilikuwa inatikisa vikombe.

Kisha halmashauri ikasema mtaa wetu utapata bomba, ilimradi mtaro tuuchimbe wenyewe. Mama, laiti ungeuona mtaro ule. Siku hizi mnasema kujitolea na watu wanatazama chini. Siku zile tulitoka na ngoma. Balozi wa nyumba kumi alipima kila nyumba kipande chake, na mimi na Athumani tukapangiwa vipande vinavyopakana. Mimi nina sururu, yeye ana chepe, jua linatuchoma kama mihogo.

"Mnyamwezi, chimba. Babu yako alibeba pembe mpaka pwani hakuchoka, wewe unachoka kubeba udongo."

"Babu yangu alipopita hapa na hizo pembe aliwakuta babu zako juu ya miti."

"Walipanda kuangalia kama amewaibia mbuzi. Na alikuwa amewaibia."

Watu waliacha kuchimba ili wasikilize, msimamizi akaja kututenganisha, akasikiliza kidogo naye akakaa. Ule mtaro ulichimbwa kwa kicheko. Mpaka leo nikipita pale njiani ninajua bomba limelala wapi chini ya ardhi, na nikitaka naweza kukuonyesha kipande chake kilipoishia na changu kilipoanzia. Chake kimenyooka.

Mtaro ulipokwisha ikabaki kumchagua mshika ufunguo. Bomba la siku zile lilifungwa kwa ufunguo. Mshika ufunguo alifungua asubuhi na alasiri, akapanga foleni, akaamua ugomvi wa madebe, na halmashauri ikamlipa mshahara mdogo na kumpa nguo za kaki na kofia. Jina la Athumani lilitajwa hata kabla mkutano haujaanza. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia foleni ya kisima cha zamani bila kulipwa na mtu, na hakuna mama aliyewahi kulalamika kwamba aliruka zamu yake. Mwaka ule mvua zilimsombea shamba lake, mto Mkondoa uliingia mpaka ndani ya mahindi. Kazi ile aliihitaji. Sote tulijua.

Mkutano ukafanywa Jumba la Maendeleo. Bwana Maendeleo alikuwa kijana mgeni, ametoka mikoa ya mbali, hajamaliza hata mwezi hapa. Kijana safi, viatu vinang'aa, adabu nyingi. Akauliza nani anapendekezwa, watu wakasema Athumani. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Sasa, mama, mkutano wa watu wa hapa, Msagara anapewa cheo, na mtani wake yupo, anyamaze? Ingekuwa kumtukana. Watu walishaanza kunigeukia. Nikasimama, nikakohoa, nikasema mimi napinga. Nikasema huyu ni mwizi wa kuzaliwa, aliiba mbuzi wa bibi yangu akamla na kamba yake. Mkimpa bomba, kesho asubuhi mtakuta shimo tu, bomba ameshaliuza Morogoro, na maji yenyewe atamnywesha nyoka wa ukoo wao. Jumba lilivunjika mbavu. Bibi mmoja alijiangusha kwenye mkeka. Athumani akasimama akajibu, "Ndugu zangu, msimsikilize mtumwa wangu. Tulimnunua kwa chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa imelowa." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku hiyo nilijiona ni mtu kweli.

Kijana wa watu hakucheka. Alikuwa anaandika.

Baada ya siku kadhaa tukaona tangazo limebandikwa mlangoni mwa jumba: kwa kuwa mwananchi mmoja ametoa mbele ya mkutano tuhuma za wizi, na mtuhumiwa hakuzikanusha, halmashauri inamteua mwananchi huyo, kwa uangalifu wake wa mali ya umma, kuwa mshika ufunguo. Mwananchi huyo mwangalifu ni mimi baba yako. Mtaa mzima ukacheka tena, tukaona huo ndio utani uliokamilika, mpaka serikali imeingia kucheza.

Jioni Athumani akaja. Hakugusa uji wako. Alikaa pale kwenye kinu, akasema, "Mtani, kijana yule hajui. Nenda kamwambie."

Nikamwambia, "Jumatatu naenda."

"Nenda mapema, kabla hawajawaandikia wakubwa Morogoro."

"Jumatatu, Athumani. Unaniona mimi ni mtu wa kula kazi yako?"

Akasema, "Ninakuona ni Mnyamwezi," na tukacheka. Ndiyo mara ya mwisho.

Jumatatu nilikwenda. Sikudanganyi hapo, nilikwenda, na maneno nilikuwa nimeyapanga. Karani akaniambia, "Ahaa, ndugu mshika ufunguo, tulikuwa tunakusubiri." Akatoa nguo za kaki, kofia ina beji, akaniambia nijaribu kama inanikaa. Mimi ni mtu wa mikono mitupu, mwanangu. Shamba la mkonge lilinipa makovu, lori nililokuwa utingo wake lilinipa mafua, na hakuna mtu mwenye meza aliyewahi kunisubiri. Nikajaribu kofia. Kwa kuwa ilinikaa nikasema nitamwona Bwana Maendeleo nikitoka. Nilipotoka alikuwa na wageni. Nikasema kesho. Kesho yake bomba lilifunguliwa, kina mama wakapiga vigelegele, mimi nikiwa katikati. Keshokutwa mtu mwenye kofia kichwani anakwenda ofisini kusema kwamba kofia si yake? Kijana naye akahamishwa, na nikajiambia aliyeliamua hili jambo ameondoka, basi limekwisha.

Asubuhi moja Athumani akaja kwenye foleni na debe lake. Nilifurahi kumwona, wallahi. Nikapaza sauti, "Msagara, rudi nyuma, maji haya ni ya watu." Nikasubiri. Foleni yote ikasubiri, kina mama wameshaanza kutabasamu.

Akatua debe, akavua kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akasema, "Shikamoo, bwana."

Tulizaliwa mwaka mmoja. Unajua wewe mwenyewe jinsi shikamoo isivyochezewa hapa kwetu. Nikabaki nazungusha ufunguo mpaka maji yakamwagika miguuni mwangu. Akachota, akashukuru, akaondoka. Alifanya hivyo kila asubuhi, wala hakuna siku aliyonichongea popote. Njia ya reli ilikuwa inaendelezwa kupita Mikumi, akaenda kuchukua kibarua huko, akahamisha na familia. Wewe uliniuliza Babu Mtani yuko wapi. Nikasema amesafiri, atarudi na mbuzi wa bibi. Ukacheka. Ulikuwa mtoto mwepesi kudanganywa, Mungu akubariki.

Nakuhadithia haya kwa sababu keshokutwa wewe ndiye kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Utafika mahali ambapo huyajui matusi yao. Mtu akisimama akasema maneno makali juu ya mwenzake, kabla hujaandika watazame waliokaa. Ukiona vikongwe wanashika mbavu, weka kalamu chini, mwulize mzee aliye karibu nawe. Na kama watakupa wewe mwenyewe kitu cha kuvaa au cha kushika, uliza kilikuwa kije kwa nani. Nilishika ule ufunguo miaka mingi, niliufanyia kazi vizuri, hata mama yako atakuambia hakuna debe la mjane nililoliruka. Niliiga kila alichokuwa akikifanya Athumani kwenye kisima. Watu wakanisifu. Kila sifa ilikuwa na mwenyewe.

Kuna mara moja nilikwenda Mikumi kumtafuta. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Nilichukua jogoo, kwa sababu kwa watani ukizidisha unatoa kuku, mwenzako anakutukana mpaka anachoka, mnakula, yanakwisha. Njia nzima nilikuwa nasikia matusi yake kichwani, nacheka peke yangu kwenye behewa, watu wakanihama. Nilijua atasema jogoo nimemwiba. Nilishatayarisha na jibu.

Nikamkuta anaezeka. Alishuka kwenye ngazi, akanawa mikono, akasema, "Karibu, bwana. Habari za Kilosa?" Akampokea jogoo kwa mikono miwili: "Ahsante, usingejisumbua." Akanitandikia mkeka, mkewe akapika wali na jogoo yuleyule, akanichagulia firigisi. Akauliza habari za mama yako na zako wewe, akasema kumbe umekuwa mkubwa. Sijawahi kupokewa kwa heshima kama ile. Tulipomaliza nikasema, "Athumani, lile jambo la bomba."

Akasema, "Maji yanatoka?"

"Yanatoka."

"Basi."

Akanisindikiza stesheni, akabeba mkoba wangu yeye, akaniambia safari njema, bwana. Nilikaa dirishani mpaka treni ikaondoka, ninasubiri tu anitukane hata kwa mkono.

Ilipokuja habari kwamba umepangiwa Mikumi, mama yako aliuliza jambo moja tu, utafikia kwa nani. Alikuwa na hofu, msichana peke yake mji wa malori, tembo wanavuka barabara usiku. Mimi mdomo huu, hata sijauuliza, ukasema, "Mikumi? Mikumi si kwangu? Athumani yupo." Nikaona uso wako umefunguka. Ukasema, "Babu Mtani bado yuko hai?" Baada ya hapo ningerudi nyuma vipi? Kila siku nikaongeza kidogo. Nikasema ana nyumba ya bati. Nikasema mkewe amekutengea kitanda. Juzi nikasema ameapa atakuja stesheni na ngoma. Leo jioni mama yako ameniuliza mbele yako, "Baba Mwanaidi, una hakika barua ilimfika?" Nikajibu, "Imefika na jibu limerudi." Wewe ukacheka, ukaendelea kukunja kanga.

Barua hii nitakupa dirishani treni ikianza kutembea, ili usipate nafasi ya kushuka. Isome kabla hujafika. Ukishuka usikae pale ukitazama huku na huku. Nenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji na cheti chako cha kazi, mwambie akupeleke kwa muuguzi wa zahanati, wauguzi huwa wanawalaza wageni wa serikali. Siku ukijisikia, si lazima, ulizia kwa Athumani anayeezeka nyumba. Mpe shikamoo, ya kwako ni halali. Mwambie wewe ni mtoto wa nani. Akikufukuza, ana haki. Akikukaribisha kwa heshima, kula, usimwombee baba yako chochote. Na akikunyang'anya bakuli, Mwanaidi, akikutukana hata neno moja, niandikie neno hilo kama lilivyo, usilisafishe.

Lakini kesho hatakuja. Sikumwandikia. Nimekaa na karatasi wiki hizi zote, naandika "Mtani" nachana, naandika "Bwana" nachana. Hajui kama una kazi, hajui kama unakuja, na stesheni ya Mikumi hakuna mtu anayekungoja kwa ajili yangu. Ile bahati ya watu niliyojitapia pale juu ni uongo. Watani wa hapa waliona mzaha wangu ulimfikisha wapi Athumani, na tangu alipoondoka hajatokea Msagara hata mmoja wa kunitukana, si Ulaya, si Munisagara, si hapa sokoni. Wananisalimia.

Baba yako,
Maganga